Namna ya Kuanza Kupiga Ngoma Ukiwa na Mvi

Anza kwa kuandika visingizio vyako vyote kwenye karatasi safi, kisha uipeleke Mwaloni Kirumba ikafungiwe dagaa. Vidole vimekakamaa. Kichwa hakishiki tena. Watoto wa jirani watacheka. Shemeji atasema uzee umekurudisha utotoni. Mwanza imejaa watu wazima wanaoweza kueleza kwa ufasaha kwa nini hawawezi kupiga gitaa, na muda walioutumia kuutunga utetezi huo ungewatosha kujua kodi tatu za gitaa. Kodi tatu zinabeba nusu ya nyimbo wanazoziimba bafuni.

Ukishafungia dagaa, usikimbilie dukani. Gitaa jipya likining'inia ukutani halijafundisha mtu yeyote, na mafunzo ya kwenye simu yana ila moja kubwa: mwalimu wa kwenye simu hakusikii. Tazama kwanza ni ala gani ina mtu karibu nawe. Ziwa Victoria limezungukwa na ala. Wakurya wa Tarime wana litungu. Wajaluo wa Rorya na ng'ambo ya mpaka wana nyatiti. Wahaya na Wakerewe wana enanga, ubao mrefu uliokombwa katikati, ambao uzi wake mmoja hupitishwa kwenda na kurudi hadi ukawa nyuzi kadhaa. Wasukuma wana ngoma, na ngoma ndiyo ninayokusihi uifikirie, ijapokuwa kanisani kwako watakupeleka kwenye kinanda.

Mwenye kusema amechelewa namwelekeza kwa Eriko Mukoyama, dada wa Tokyo aliyekwenda kijijini Siaya, Kenya, akiwa mtu mzima, kujifunza nyatiti. Ala hiyo ina nyuzi 8. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, pete ya chuma kwenye dole gumba la mguu inagonga ubao, njuga zinalia mguuni, na juu ya yote hayo anaimba. Kwa desturi ilikuwa ala ya wanaume. Yeye alikuwa mwanamke, mgeni, na lugha ya kijiji hakuikulia. Aliishi na wenye ala yao hadi akaipata, na leo anajulikana majukwaani kwa jina la Kijaluo, Anyango. Wewe uliyezaliwa Sengerema na kuzisikia ngoma tangu mgongoni mwa mama unasemaje?

Nina imani moja katika jambo hili, na mwongozo wote umesimama juu yake: mtu mzima hujifunza ala pale ambapo kuna watu wanaoungoja mdundo wake. Muda na kipaji vinasaidia, lakini wapo wenye vyote viwili ambao hawajapiga hata wimbo mmoja. Wakulima wa Kisukuma walilijua hili. Vikundi vya kulima viliingia shambani na ngoma, na pamba ilipopanuka Usukumani katika karne ya 20, palizi ikawa haingoji mtu, ngoma ikawa kifaa cha kazi sawa na jembe. Linainuka kwa mdundo, linashuka kwa mdundo. Mtafiti wa Kimarekani Frank Gunderson alichapisha mwaka 2010 kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma, na ukikifungua utaona jinsi muziki na jasho vilivyokuwa kitu kimoja. Bugobogobo tunayoipigia makofi kwenye sherehe imetoka huko. Wachezaji wanarusha majembe hewani, wanayadaka, wanayazungusha. Mtazame mpigaji wao. Hana nafasi ya kujiuliza kama ana kipaji, maana akichelewa, chuma kinamshukia mtu mguuni.

Kwa hiyo tafuta kundi kabla ya kutafuta ala. Liwe kwaya, liwe kikundi cha ngoma cha mtaani Igoma au Buhongwa, mradi lina siku ya mazoezi na lina watu wanaokasirika mwenzao asipofika. Utakapopokelewa utapewa kazi ndogo: njuga, kayamba, kengele. Ichukue kwa mikono miwili. Hapa ndipo wenye vyeo wanapoteseka. Mkuu wa idara aliyezoea kusimamiwa akiingia ofisini atakuta kiongozi wa ngoma ni kijana wa bodaboda, naye itambidi amwite mwalimu, tena mbele ya watu. Amwite. Atakayeshindwa kulitamka neno hilo arudi kwenye vikao vyake, kwa kuwa ngoma haitamfundisha kwa barua.

Fika mapema, ngoma zinapopashwa moto. Usiku unyevu wa ziwa umelegeza ngozi, na ngoma iliyolegea sauti yake haiendi mbali. Watu wanawasha nyasi kavu au magunzi, wanazielekeza nyuso za ngoma kwenye moto, si karibu mno, maana ngozi hupasuka. Mzee anabonyeza kwa kidole gumba katikati, anagonga mara moja karibu na ukingo, anainamisha kichwa. Bado. Anairudisha motoni. Anagonga tena, sauti imepanda kidogo, anaigeuza upande ule mwingine uliobaki baridi. Msalimu mzee huyo "mwangaluka", si "mambo", kisha kaa kimya hapo hapo. Sikio lako litakuwa limeanza shule kabla mkono haujagusa chochote.

Kinanda cha kanisani kina mambo yake. Kina kitufe kinachopandisha au kushusha sauti yote, na wapigaji wengi hupiga kila wimbo kwa vidole vya C, yaliyobaki wakamwachia kitufe. Usiwacheke. Ibada imeenda, na waimbaji wa soprano hawakupasuka koo. Kitufe hicho ni chema Jumapili. Jumatatu kizime, ujifunze F na G kwa vidole vyako mwenyewe, kwa sababu ipo siku utakaribishwa kwenye kinanda cha wenyewe ambacho kitufe kimekufa, na sauti zote nne zitakugeukia wewe. Jifunze pia kusoma zile karatasi za kwaya zenye herufi za d, r, m, f. Hapo mtu mzima anamwacha mtoto mbali: nyimbo za kanisa amezibeba kichwani tangu ujana, besi na tena anazijua, na mkono wake unatafuta njia ya kwenda mahali ambapo sikio limeshafika.

Gitaa linauma. Nyuzi za chuma zinachoma ncha za vidole vya mkono wa kushoto hadi ngozi ikomae, na ukiacha kwa muda ngozi inalainika, maumivu yanarudi. Mvuvi anayevuta nyavu alfajiri amekuja na sugu zake tayari. Karani itabidi azitengeneze, na njia ni kupiga kidogo kila siku. Dakika 20 za kila jioni zinamfikisha mtu mbali kuliko Jumamosi nzima ya hasira.

Kuhusu majirani, ukweli ni kwamba watasikia. Nyumba za Mabatini na Igogo zimepandana kwenye miteremko ya mawe, anachopiga wa juu kinamshukia wa chini pamoja na maji ya kufulia. Usijifungie na kupiga kwa kunong'ona, maana mkono unaoogopa hujifunza kuogopa. Wapitie mmoja mmoja, uwaambie saa zako: baada ya kazi, kabla ya taarifa ya habari, na kamwe si usiku watoto wakiwa wamelala. Waruhusu wakuambie ni wimbo upi wamechoka nao. Mama mwenye nyumba akikuuliza lini utauhitimu wimbo huo huo mmoja, mpe tarehe, kisha uiheshimu. Na mwanao akikusahihisha, msikilize. Anaposema "baba, hapo umeruka" anakupa bure kile ambacho wengine wanakilipia.

Mwezi Juni panda daladala ya Kisesa, ushukie njia ya Bujora, kando ya barabara ya Musoma, kama kilomita 20 kutoka mjini. Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alianza kazi hapo miaka ya 1950, akaipeleka midundo ya Kisukuma hadi kwenye ibada. Makumbusho ya Wasukuma yamesimama hapo, na ngoma za watemi zimo. Bulabo, tamasha linaloambatana na sikukuu ya Ekaristi, huwakutanisha Wagika na Wagalu, pande mbili za ngoma ambazo ushindani wao unatoka karne ya 19, kwa waasisi wao Ngika na Gumha. Kwa desturi ya mashindano hayo, makundi mawili hupiga kwa wakati mmoja, uwanja ule ule, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Watu wanapiga kura kwa miguu. Zamani kila upande ulikuwa na waganga wake, na kushindwa kulielezwa kwa dawa. Wengine walileta nyoka, wengine fisi, mradi watu wageuke.

Simama katikati ya makundi hayo mawili, mahali ambapo midundo inapigana masikioni mwako, kisha jaribu kuushika mmoja tu. Ni zoezi gumu kuliko lolote utakalopewa na mwalimu. Angalia pia umati unapohama. Hauulizi mpigaji alizaliwa mwaka gani wala alianza lini. Unahama kwa sababu upande mmoja umekaza na mwingine umelegea, na mara nyingi aliyekaza ni mzee ambaye mkono wake hauna mbwembwe hata kidogo, anapiga kile kile, pale pale, bila kuchoka. Mdundo huo ndio wa kwenda nao nyumbani. Mbwembwe ziache kwa vijana, wana magoti ya kuzibebea.

Halafu itafika siku utakapoombwa. Harusi ya mpwa wako ni Jumamosi, mpigaji wa pili yuko Ukerewe na kivuko cha Nansio hakijamrudisha, na mwenyekiti wa kamati amesimama mlangoni kwako na jasho. Usianze kumweleza kwamba bado unajifunza. Muulize wanaanza saa ngapi, maharusi wanaingia kwa wimbo gani, na moto wa kupashia ngoma utawashwa upande upi wa nyumba.