Nani Amenywesha Majani Haya?

Ukimwambia mtu wa mbali kwamba unakaa Kavimvira, hapa Uvira, anakuonea wivu wa maji. Anakutajia ziwa. Ati Tanganyika, la pili duniani kwa kina, mita 1,470 kwenda chini. Mto Kavimvira huu hapa, Ruzizi ule pale, una shida gani? Ndugu yangu, mimi sinywi kina. Mita 1,470 haziingii kwenye bidoni. Robine yangu iko pale uani tangu kiangazi kianze, mdomo wazi, inapumua. Ukiifungua mchana inakohoa, inatoa hewa, inatoa mdudu, inanyamaza. Watoto wanaifungua kwa kucheza. Mimi naifungua kwa imani.

Na usidhani kwetu ni jangwa. Ziwa limeshakuja lenyewe mpaka majumbani, mwaka 2021, na tena 2024, likakaa sebuleni bila kukaribishwa, viti vinaelea, sisi tuko juu ya meza. Ya Aprili 2020 siitanii, usiku ule mto Mulongwe ulishuka kutoka mlimani ukabeba nyumba na watu. Nasema tu kwamba kipande cha mwaka ninachota maji ndani niyatupe nje, kipande kingine nayatafuta nje niyaingize ndani, na kazi zote mbili hazina mshahara.

Wazungu wawili, Burton na Speke, walifika Uvira Aprili 1858 wakitafuta mto unaotoka ziwani. Wenyeji wakawaambia Ruzizi hautoki, unaingia. Wakasononeka, wakageuza mitumbwi. Mimi niko palepale leo, natafuta maji yanayoingia. Nikiuliza naambiwa yalitoka usiku, nikiwa nimelala.

Sasa, katika hali hiyo, mimi nina pelusi.

Usicheke. Mdogo wangu anaishi San Antonio, kule Texas. Alituma picha amesimama mbele ya nyumba yake juu ya majani mafupi, ya kijani, yamenyooka, hakuna mbuzi, hakuna kamba ya nguo. Nikaitazama sana. Nikaona kinachonitenga na heshima ni majani tu. Mtu akija kukudai, akikuta pelusi, anavua viatu. Anaanza kwa salamu ndefu. Basi mvua za mwisho mwisho zilipokuwa zinamalizika nikang'oa ukoka kandokando ya barabara, nikaupanda mbele ya nyumba, pale mama watoto alipokuwa amekusudia kupanda mboga ya lenga-lenga. Alinitazama. Hakusema kitu. Wenye ndoa mnaijua hiyo bei.

Juni ikaingia. Mawingu yakahamia kwa watu wengine. Vumbi la Bonde la Ruzizi likashika njia. Pelusi ikaanza kulalamika. Nikampigia mdogo wangu, anifundishe, maana yeye ndiye mwenye ujuzi. Kumbe na kule kuna kiangazi, na kuna sheria! Ukame ukibana, mji wao unakupangia siku moja tu kwa wiki ya kunywesha majani, kwa kufuata tarakimu ya mwisho ya namba ya nyumba. Nyumba inayoishia na 0 au 1, Jumatatu. 2 au 3, Jumanne. Inakwenda hivyo mpaka 8 na 9, Ijumaa. Ukinywesha siku isiyo yako, unapigwa faini. Mdogo wangu ananisimulia haya kwa uchungu, sauti inatetemeka, ati wanateswa. Nikamwambia, mdogo wangu, nitumie hayo mateso.

Maana huko kwa wenzetu hata taabu ina ratiba. Dar es Salaam, Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua, mgao ukatangazwa, mtu anajua leo mimi, kesho wewe. Cape Town mwaka 2018 ilifika pabaya zaidi, kila mtu akawekewa litre 50 kwa siku, na maji ya mji kwenye bustani marufuku kabisa. Dunia nzima ikawahurumia. Litre 50 kwa mtu mmoja! Hizo ni bidoni mbili na nusu. Kwangu, hizo ni za nyumba nzima, pamoja na mama mkwe, pamoja na bata.

Nikasema, bo, mimi ndiye nitakayeleta utaratibu Kavimvira. Nikaenda kwenye robine ya wote, asubuhi, foleni imefika barabarani. Foleni yenyewe si ya watu, ni ya bidoni. Bidoni za njano zimepangwa, na ambaye bidoni yake bado iko nyumbani ameweka jiwe, na jiwe linaheshimiwa kuliko mimi. Nikapanda juu ya tofali. Nikaeleza mambo ya tarakimu ya mwisho. Nikaeleza Jumatatu na Jumanne. Wamama wakanisikiliza vizuri, nikadhani nimeshinda. Mmoja akauliza:

"Papa, na wewe parsele yako namba ngapi?"

Hapo nikakwama. Namba yangu ilikuwa imeandikwa kwa chokaa ukutani. Mwaka 2021 ziwa lilikuja likaifuta.

"Basi wewe hauna siku," akasema. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Mwingine akaongeza, "Sisi tuko natafuta ya kupikia bugali, yeye anatafuta ya kunywesha majani. Ng'ombe iko wapi?" Niliposhuka kwenye tofali nikakuta mtu ameondoa jiwe langu.

Nikajaribu ziwa. Ziwa ni la bure, halina foleni. Nikashuka na bidoni, nikachota palepale ukingoni, karibu na watu wanaoosha masufuria na wanaoosha piki-piki, nikapanda nayo begani, bega likavimba. Nilipofika, shemeji yangu muuguzi alikuwa amekuja kusalimia. Akaniangalia nikielekea upande wa bustani. Akapiga kelele ya hospitalini.

"Shemeji, hayo maji usiguse mboga nayo!"

Akanikalisha. Akanisomesha mbele ya watoto wangu. Kwamba Uvira kipindupindu si mgeni, kiko nasi miaka yote. Kwamba kuna watafiti wa London waliopanga tarehe za robine kukauka kandokando na tarehe za wagonjwa kuingia kituoni, wakaandika mwaka 2015: baada ya siku robine imekauka, ndani ya siku kumi na mbili zinazofuata wagonjwa wanaongezeka zaidi ya mara mbili. Kwa nini? Kwa sababu watu kama mimi wanakimbilia ziwani, akasema, akaninyooshea kidole. Nikataka kumwambia mimi nilikuwa nanywesha ukoka, na ukoka hauharishi. Lakini alikuwa ameshika sabuni, ananisubiri nioshe mikono. Nikaosha. Kwa maji ya kununua.

Na hapo ndipo kiburi cha mama watoto kilipoanza kuonekana. Yeye bustani yake iko nyuma ya nyumba. Haombi mtu ratiba. Wakati wa mvua anainua matuta, kiangazi anayazamisha, mboga inakaa shimoni, maji yakimwagwa hayana pa kukimbilia. Juu anatandaza maganda ya mpunga anayoyapata kwenye mashine za kukoboa, udongo usione jua. Kwa nyanya ana chupa za plastiki. Anachoma msumari kwenye mkaa, anatoboa kizibo mara moja, anajaza maji, anaizika chupa kichwa chini kwenye shina. Inadondosha usiku kucha, tone, subiri, tone, subiri. Nimeichungulia kwa tochi. Inachosha kuangalia. Mimi mambo hayo siyajui, mimi najua kumwaga. Nilimwuliza, na mimi kwenye pelusi nizike chupa ngapi? Akasema, "Hesabu majani, Baba watoto, halafu uniambie."

Ndani ya nyumba nako ana sheria yake, kali kuliko ya Texas. Maji hayamwagwi mpaka yamezeeka. Yaliyoosha mchele yanakwenda kwa lenga-lenga moja kwa moja, hayo ni ya heshima. Yaliyoogesha watoto yanafua. Yaliyofua yanapiga deki. Yaliyopiga deki yanalaza vumbi uani. Mimi naoga kati ya kufua na deki, naomba usiulize zaidi. Pelusi haiko kwenye mstari kabisa. Niliomba iwekwe hata baada ya bata. Ikakataliwa. Ati bata wanataga.

Basi nikapata akili. Maji ya robine yakija, yanakuja usiku mkubwa, saa nane, saa tisa, kwa sauti ya mtu anayesafisha koo. Lazima mtu aamke ajaze. Nikajitolea. Mama watoto akashangaa, akanisifu kwa majirani, akaniongezea ndagala kwenye sahani. Kumbe mimi kila bidoni nikijaza, arozwari moja inapita mlango wa mbele. Giza tupu. Navua viatu. Nanywesha taratibu, pembeni mpaka katikati, nikisikia udongo unavyonyonya. Sijawahi kusikia shukrani ya namna ile ndani ya nyumba yangu.

Pelusi ikaamka. Ikawa kijani, kijani ya picha. Na ndipo nikaona ubaya wa kijani: haifichiki. Kartie nzima imekuwa rangi ya mkate ulioungua, mlima nyuma yetu umekauka, halafu kwangu kuna mraba mmoja unang'aa. Jirani akipita anapunguza mwendo. Mama mkwe akakaa nayo nusu siku, anaitazama, ananitazama. Mama watoto akaanza kupima bidoni kwa kijiti.

Sikukamatwa na watu. Nilikamatwa na kiboko.

Wewe wa mbali utasema natia chumvi. Sisi wa huku, upande wa mdomo wa Ruzizi, tunawajua. Mchana wako majini, masikio tu nje. Usiku wanapanda nchi kavu kutafuta majani, na ukikutana naye njiani si mchezo, ameshaua watu. Kiboko mmoja anakula kilo kama 40 za majani kwa usiku. Kiangazi, majani hakuna. Sasa piga hesabu: huyu mnyama ametoka ziwani na njaa yake, amepita vumbi, amepita vumbi, amepita vumbi, akafika kwangu. Majani laini. Yamenyweshwa muda si mrefu. Yana baridi.

Nilisikia kitu kinang'oa. Nikadhani ni mwizi wa robine. Nikachungulia dirishani, nikaona dirisha limejaa. Nikarudi kitandani kwa magoti.

Asubuhi hakuna pelusi. Kuna mchanga na nyayo, kila mguu vidole vinne, vimezama mpaka kifundo, na vimezama kwa sababu udongo ulikuwa na maji. Halafu kuna jambo jingine. Kiboko akijisaidia anazungusha mkia, anatawanya. Ametawanya ukutani, mlangoni, mpaka kwenye pazia. Kilo 40 hazikufika kwenye pelusi yangu, kwa hiyo naona alikuwa anaeleza malalamiko.

Watu wakajaa. Chefu wa kartie akaja na daftari. Hakutazama nyayo, alichuchumaa akashika udongo, akausugua kwenye vidole, akaunusa.

"Mzee," akasema, "nani amenywesha majani haya?"

Kimya. Foleni nzima ya robine ya wote ilikuwa imehamia kwangu. Yule mama aliyeniuliza namba ya parsele alikuwa mbele. Nikasema huenda ni umande. Mama watoto, aliyekuwa tayari anazoa samadi kwa koleo aipeleke kwenye lenga-lenga yake, akasimama, akarudia polepole: "Umande." Akaendelea kuzoa. Ndagala za ziada ziliishia siku hiyo.

Chefu akaandika kitu kirefu kuliko jina langu. Nikajua ni faini, nikaanza kutafuta ya kujitetea. Lakini wale wenye vishamba vya mahindi ufukweni wakamvuta pembeni. Wakanong'ona. Wakarudi na nyuso nzuri. Kumbe huyo kiboko amekuwa akiwamalizia mahindi yao kila usiku. Jana amewapita. Hakugusa hata jani. Amekuja moja kwa moja kwangu.

"Mzee," akasema mmoja, kwa heshima ambayo nilikuwa naitafuta tangu niliposhika jembe, "hii pelusi unaweza kuipanda tena?"

Wanataka niinyweshe. Kwa ajili ya kartie. Wao wataleta maji, zamu kwa zamu, na ratiba ikaandikwa palepale kwenye daftari la chefu, Jumatatu huyu, Jumanne yule. Ratiba yangu! Nikauliza, na mlango wangu? Chefu akaugonga mlango kwa kidole, akausikiliza. "Huu ni wa bati, Mzee. Atausikia, atajua kuna watu."

Nilipokuwa nafikiria jinsi ya kukataa, mama watoto akawa ameshakubali. Bidoni mbili kila jioni, moja safi, moja yoyote. Ile safi imeingia jikoni kabla sijafumba mdomo. Ile yoyote ni ya mgeni. Na mimi nimepewa amri zangu: jua likizama nisitoke nje kwa jambo lolote. Kopo la haja ndogo liko chini ya kitanda. Na lenyewe, amesema, nisije nikalimwaga ovyo asubuhi, nyanya zinalihitaji.