Mpira Ndani, Mpigaji Nje

Wamarekani wana jumba lao la magwiji wa besiboli huko Cooperstown, New York. Humo umehifadhiwa mpira wa homurani (pigo linalovusha mpira nje ya uwanja) ya 756 ya mchezaji Barry Bonds, ile iliyovunja rekodi. Aliyeununua aliuchoma alama ya nyota, muhuri wa aibu hasa, ndipo akaukabidhi. Ukapokewa. Aliyeupiga, aliyestaafu na homurani 762 ambazo hakuna aliyezifikia kwenye ligi kuu ya Marekani, waandishi wakamnyima kura za kutosha za kuingia humo miaka 10 mfululizo, kwa tuhuma za dawa za kutunisha misuli. Bud Selig, kamishna wa ligi wakati misuli inatuna, akaingizwa mwaka 2017. Bosi, bwana, haoni kitu!

Na mchezaji Pete Rose je? Mipigo safi 4,256, kwenye ligi hiyo hajatokea wa kumfikia. Mwaka 1989 akafungiwa moja kwa moja kwa kubeti. Akafariki Septemba 2024. Mei 2025 wakubwa wa ligi wakatangaza kuwa kifungo hicho hukoma mtu akifa, kwa hiyo marehemu sasa ruksa kujadiliwa kuingia jumbani. Huruma iliyoje! Ligi yenyewe siku hizi ina mikataba na kampuni za kubeti, na shabiki anajaza mkeka wake kwenye simu akiwa palepale jukwaani.