Sindano za Nyumba Nzima

Lori la kuchukua mpunga lilikuwa lifike alfajiri, na usiku ule nyumba yetu ya Garsen haikuwa na sindano hata moja. Shazia tunayoshonea magunia haikuwa pale inapochomekwa siku zote, kwenye makuti juu ya mlango. Za nguo hazipo. Ya kufumia vitambaa haipo. Hata pini za mitandio zilikuwa zimetoweka. Mama mkwe wangu, ambaye ukili wake wa mwaa ulikuwa tayari kuunganishwa uwe mkeka, alilimimina kopo lake la uzi kitandani, akalirudisha, akalimimina tena.

Mpunga wenyewe haukuja kwa urahisi. Huku kwetu mto Tana ukifurika hutandaza maji na udongo mpya mabondeni, na maji yakishuka ndipo watu hupanda. Mto usipopanda, hakuna cha kuvuna. Ukipanda kwa ghadhabu, huondoka na mpunga, kuku na kuta za nyumba. Mwaka huo ulitupa haki yetu. Magunia yalisimama ukumbini midomo wazi, na mume wangu akapita na tochi chini ya kila kitanda.

Maneno yakaanza. Wifi alisema mimi hugawa vitu vya nyumba kwa majirani kama vile havina mwenyewe. Nikamjibu kwamba aliyeishika shazia mara ya mwisho ni yeye, na kila mtu alimwona. Shemeji akataja watoto wa nyumba ya pili wanaoingia bila hodi. Yalisemwa mengine ya zamani, ya harusi na ya mahari, ambayo hayakuhusiana na sindano hata kidogo. Alfajiri dereva akaja, akayatazama magunia tuliyoyafunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, akatikisa kichwa. Yatamwagika kabla ya kufika Malindi, alisema, akaenda kupakia kwingine.

Mchana wake, joto likiwa kali, mume wangu alijilaza mkekani chini ya mwembe, kifua wazi. Kitinda mimba wetu, mtoto wa miaka sita, alikuwa ameketi kando yake akimfunika tumbo kwa kanga yangu. Baba mtu anaisukuma usingizini. Mtoto anairudisha, anaikaza ubavuni. Mama mkwe aliwatazama kwa muda mrefu.

"Njoo hapa, mume wangu," akamwita, kama bibi wanavyowaita wajukuu wao wa kiume. "Baba yako unamkinga na nini?"

"Na sindano, Bibi."

Wote tukaelewa kwa pamoja. Juzi yake usiku Mama mkwe alikuwa amewahadithia wajukuu kisa cha Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi za pwani yetu.

Mama mkwe ni mtu wa Ozi, karibu na Kipini, pale Tana unapomalizia safari yake baharini. Kaburi la Liyongo huonyeshwa upande huo, kwa hiyo yeye humsimulia kama jamaa aliyepatwa na msiba. Watu wa vitabu humweka katika zama zinazotofautiana sana, wengine kabla ya mwaka 1300, wengine karne tatu baadaye. Askofu Edward Steere alichapisha kisa chake kwa Kiswahili mwaka 1870, na Muhamadi Kijumwa wa Lamu akakitungia utendi mwaka 1913. Mama hajasoma hata kimoja, na haoni upungufu.

Kwake kisa hiki ni cha nyumba moja iliyoingiliwa na fitina. Liyongo na Daudi Mringwari, sultani wa Pate, ni ndugu, na kinachowagombanisha ni nani akalie kiti. Kwanza wawindaji wa msituni wanashawishiwa wamtege kwenye chakula cha kikoa: kila mmoja kwa zamu yake apande mkoma kuangua makoma, na Liyongo akiwa juu, wampige mishale. Zamu yake ilipofika, akayadungua makoma kwa mshale akiwa amesimama chini. Kisha anafungwa gerezani. Mama yake anampelekea chakula kizuri kwa mkono wa kijakazi Saada, walinzi wanakila. Basi anaoka mkate wa wishwa, ambao hakuna mlinzi angeutamani, na ndani yake anatia tupa. Liyongo anaomba ngoma ya gungu kabla ya kuuawa, na kelele za matoazi na tasa zinafunika sauti ya chuma kikikatwa.

Hapo Mama husimama kidogo, na mimi huona ana haki. Tunasifu urefu wa mtu huyu na nguvu zake, ilhali pumzi yake iliokolewa na mwanamke aliyejua walinzi hudharau chakula gani. Jiko ndilo lililomtoa gerezani. Na kilichomuua kilipitia mlango uleule wa nyumbani: mwanawe, aliyeahidiwa binti wa sultani, alikuja kumuuliza ni kitu gani kinachoweza kumdhuru. Liyongo alitambua kwamba mtoto ametumwa. Akamwambia hata hivyo: sindano ya shaba, kitovuni. Kijana akangoja baba alale. Liyongo alijikokota hadi kisimani, akapiga goti, akapachika mshale kwenye upinde, akafa hivyo, na mji ukaogopa kuchota maji mpaka mama yake alipokwenda kumbembeleza. Binti wa sultani kijana hakumpata.

Mtoto wetu hajui shaba ni ipi na chuma ni kipi. Alichojua ni kwamba baba yake hulala mchana kifua wazi, na kwamba nyumba imejaa sindano. Akazikusanya zote, akazifukia.

Alikataa kutuonyesha alikozifukia mpaka baba yake aahidi kulala na fulana. Mume wangu, ambaye katika joto la Garsen havai fulana hata akipewa bure, alikwenda ndani akaitafuta, akaivaa, akarudi akasimama mbele yake. Ndipo mtoto akatupeleka nyuma ya banda la mbuzi, akafukua kopo la maziwa ya unga kwa mikono yake. Sijapata kumwona baba watoto akimbeba mtoto vile, akiwa amemkumbatia kama wa kunyonya.

Jioni tulikaa kushona, mimi na wifi tukipokezana shazia bila kusema neno, na baada ya magunia machache tukaanza kuongea. Mtoto aliketi kati yetu akishika uzi.

"Bibi, aliyemtuma yule kijana alikuwa nani wake?"

"Ndugu ya baba yake," Mama akajibu.

Mtoto akageuka, akamkazia macho shemeji yangu, aliyekuwa akisokota kamba mlangoni. Shemeji akaiweka kamba chini.

"Baba mdogo wako sitaki kiti cha mtu," akamwambia. "Nataka mpunga wa baba yako ufike Malindi."