Salamu kutoka Viazini

Shangazi,

Barua za nyumbani huanza, "mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yenu." Safari hii mashaka yawe juu yangu: ni Februari, niko Nova Scotia, na pua siisikii tena.

Kijiji nilikopanga kinaitwa Shubenacadie. Usijaribu kulitamka jina hilo ukiwa na tambuu mdomoni. Wenyeji wenyewe wamechoka, wanasema "Shubie", basi. Asili yake ni Sipekne'katik, kwa lugha ya Wamikmaki, wenyewe wa nchi hii: mahali pa viazi pori. Yaani baada ya nauli yote mliyonichangia, nimefikia Viazini.

Majirani zetu wa Stewiacke wanajitapa kuwa wako nusu ya njia kati ya Ikweta na Ncha ya Kaskazini. Nusu tu! Mimi niliapa ncha tumeshaipita.

Habari za majira wanamwachia mnyama. Anaitwa Sam, wa jamii ya kindi ila mnene na wa shimoni, anatunzwa kwenye hifadhi ya wanyama hapa hapa. Kila tarehe 2 Februari asubuhi anatolewa nje, watu wazima na digrii zao wanamsubiri, kamera juu. Akiona kivuli chake, baridi inaongezwa wiki 6. Na sisi tulimcheka Babu kwa kunusa kaskazi!

Mto wa hapa nao unarudi ulikotoka. Maji ya Ghuba ya Fundy hupanda hata mita 16, bamvua letu la Pangani halifui dafu, na yakijaa wimbi linaukwea mto. Kiangazi watu hulipa wapigwe nalo ndani ya mashua za mpira, kisha wagaagae kwenye matope. Wanalipa, Shangazi.

Kuna kilima kimoja sikipiti nikicheka. Palikuwa na shule ya bweni, 1930 mpaka 1967. Watoto wa Kimikmaki walitengwa na wazazi, na wakisema lugha yao wanaadhibiwa. Kijiji kinajiita kwa Kimikmaki, mtoto anachapwa kwa Kimikmaki hicho hicho. Leo jamii yao hapa jirani imelirudisha jina kamili, Sipekne'katik, na halikatwi.

Viazi vyenyewe vya jina hilo huota karibu na maji, vimefuatana kwenye mzizi kama shanga. Theluji ikiondoka nitaomba nionyeshwe. Akipatikana mtu wa kuja huku, mpe bizari na pilipili kichaa. Pilipili ya hapa haimtakii mtu ubaya.