Jinsi ya Kumtuliza Babu Aliyepigana Kagera kwa Gemu la Vita

Hongera, mjukuu uliyerudi Sumbawanga likizo na PlayStation ndani ya begi. Umesikia kwamba wanajeshi wastaafu wa Marekani hupunguza msongo wa mawazo kwa kucheza gemu, na kule Kizwite unaye mzee wako mwenyewe wa kumtibu. Nchi nzima huitania Sumbawanga kwa radi za kutumwa, lakini huyu radi hazimsumbui. Kinachomshtua tangu 1979 ni mfuniko wa sufuria ukianguka jikoni.

Chagua gemu lenye bunduki nyingi. Usiku wa Machi 10, 1979, kule Lukaya, Uganda, roketi za Walibya waliomsaidia Idi Amin ziliwapita juu askari wetu wa Brigedi ya 201, wengi wao mgambo waliotoka shambani juzijuzi, wakatawanyika gizani. Mtu aliyepitia hayo bila shaka ana hamu ya milio. Ongeza sauti. Mwezi mzuri ni Juni, baridi ya Ufipa inapowafungia wote ndani na mzee hana pa kukimbilia.

Mkabidhi padi. Usimweleze kitu, mwambie tu, "Bonyeza, babu." Ataanza maswali. Huyu askari amekula nini tangu asubuhi? Maji anachota wapi? Amekimbia siku nzima, mbona buti halijamchubua? Mvumilie. Sehemu kubwa ya jeshi letu iliifuata Kampala kwa miguu, Aprili 1979, kisha ikaendelea kaskazini mpaka karibu na Sudan, kwa hiyo wazee hawa wana udhaifu wa kufikiria miguu. Askari wake akipigwa risasi, mwelekeze ajifiche nyuma ya ukuta kidogo, damu itakata yenyewe. Mwenzake akifa, mwonyeshe kitufe cha kuanza upya. (Hapo usimtazame usoni. Tazama skrini.)

Muhimu kuliko yote: usimuulize chochote kuhusu vita yenyewe. Utaharibu tiba. Julai 25, Siku ya Mashujaa, redio itamkumbuka kwa niaba ya familia.

Wapo wapenda vitabu watakaokuvuruga kwa habari za Tetris, lile gemu la kupanga vitofali vinavyoshuka. Mwaka 2009 Emily Holmes na wenzake wa Oxford waliwaonyesha watu filamu ya matukio ya kutisha, na nusu saa baadaye baadhi yao wakacheza Tetris kwa dakika kumi. Katika wiki iliyofuata, waliocheza walijiwa na picha zile mara chache kuliko wasiocheza. Maelezo yao ni kwamba macho ya akili yakishughulika kupanga maumbo, picha mbaya hukosa nafasi ya kujikita. Sawa, lakini ile ilikuwa nusu saa baada ya filamu. Wewe umechelewa zaidi ya miaka arobaini. Tena Tetris haina hata bastola moja! Ilibuniwa Moscow miaka ya 1980 na Alexey Pajitnov, na roketi za Lukaya nazo zilikuwa za Kisovieti, kwa hiyo mzee anaweza kusema bidhaa za kule alishazionja.

Atakapokutoroka, utamkuta kwenye bao. Mashimo 32, kete 64, macho na mikono vyote vimeshikwa, wazee wenzake wakimzomea kwa mapenzi kila akikosea kutakata. Mrudishe ndani. Bao halina chaja, litatibu vipi?

Jambo la mwisho ni umeme. Kwa miaka mingi Sumbawanga imetumia umeme ulionunuliwa Zambia, na siku ukikatika hukatika katikati ya shambulio. Skrini ikizimika, chumba kitakuwa kimya, na mzee anaweza kujikohoza na kuanza, "Sasa pale Lukaya, sisi tulikuwa…" Mkatize kwa adabu. Mwambie, "Shikamoo babu, ngoja kwanza umeme urudi."