Kesi ya Kisima cha Padaviya

Kaskazini ya kati ya Sri Lanka, ambako mabwawa yaliyojengwa zama za wafalme bado yanamwagilia mpunga, Nyati ndiye mkulima. Alilima juani kutwa, na kiu ikimshika aliinamia kisima kilichochimbwa pembeni mwa shamba. Maji yake yalikuwa maangavu, ila yakichemshwa yaliacha ukoko mweupe sufuriani.

Miaka ya 1990 nyati wa Padaviya na Medawachchiya wakaanza kupukutika kwa ugonjwa wa figo. Figo huharibika kimyakimya; mgonjwa hushtuka miguu imevimba na chakula hakipiti, na wakati huo sehemu kubwa ya figo imeshakwenda. Wengi hawakuwa na kisukari wala shinikizo la damu.

Ndovu, mkuu wa nchi, akaitisha baraza.

Bweha, muuza dawa za shamba, alisimama wa kwanza. "Waheshimiwa, dawa yangu ya magugu hukaba kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza baadhi ya vijenzi vya protini ndani ya mmea. Nyati hana kimeng'enya hicho. Itamdhuru vipi?"

Baraza likapiga makofi. Kweli, hana. Lakini hakuna aliyemuuliza Bweha juu ya chupa ya pili, ile ya wadudu, aliyoisukuma chini ya kiti. Hiyo hukaba kimeng'enya cha neva, na hicho mdudu anacho, na Nyati anacho vilevile.

Kenge akautetea mwamba: "Floraidi imo majini tangu enzi za mababu. Mbona wao hawakufa?"

Nguchiro akalitetea jua: "Joto na kiu ni vya wakulima wote duniani. Kwa nini tushtakiwe sisi?"

Kila shahidi alithibitisha kwamba yeye peke yake hatoshi kuua, na kila mara baraza liliahirishwa. Mwaka 2015 Ndovu alipiga marufuku glifosati, kiuagugu cha Bweha. Kufikia 2022 alikuwa ameiruhusu tena. Katikati ya amri hizo mbili, nyati waliendelea kuzikwa.

Ndipo Bibi Nyati, mjane, akaingia na ndoo yake akaiweka mbele ya Ndovu.

"Mkuu, mnamtafuta muuaji mmoja. Mimi nayanywa yote kwa pamoja: ya mwamba, ya chupa, na jua juu yake. Kesi yenu endeleeni nayo. Mimi nataka maji safi jioni hii."

Baraza lile, kwa maoni yangu, lilikosea swali tangu siku ya kwanza, na waliolipia kosa hilo ni wakulima.

Hadi leo wataalamu hawajaafikiana kuhusu chanzo cha ugonjwa huo. Hata hivyo, vijiji vingi vya eneo hilo vimefungiwa mitambo ya kuchuja maji, pasipo kungoja hukumu. Wewe unayesimamia kisima cha kijiji, yapeleke maji yake yakapimwe kabla msimu wa kupulizia dawa haujaanza.