Waraka kwa wakubwa wa meli na magati

Waheshimiwa wenye dhamana ya meli na bandari za Ziwa Victoria,

Huku Ijumbi, Kagera, migomba imesimama. Kwanza hongereni. Tangu MV Victoria irejee safarini mwaka 2020, mzigo wa Kemondo ukipakiwa jioni, asubuhi uko Mwanza. Sisi wa Kagera, tuliozika watu wa MV Bukoba ilipozama Mei 1996, hatuhitaji kufundishwa thamani ya meli nzima. Na sasa kuna MV Mwanza: abiria 1,200, tani 400, magari 20. Takwimu hizo mmezihutubia mpaka watoto wamezikariri.

Imebaki moja, bila shaka imewaponyoka kwa wingi wa shughuli. Abiria 1,200 wakienda haja usiku kucha, uchafu wao unashushwa gati lipi? Na maji ya chumba cha injini, yenye mafuta, anayapokea nani? Tunauliza kwa sababu maji ya bomba ya Bukoba mjini yanavutwa kutoka ziwa hilohilo.

Halafu kuna mafunjo, ambayo kwenye michoro yenu huitwa kichaka. Penyeza mkono kwenye mizizi yake: utagusa tope laini lililonaswa lisiingie ziwani, na vifaranga vya samaki vitakupita vidoleni. Kamongo hutagia humo. Gati likipanuliwa, mafunjo ndiyo hutangulia kufyekwa, kwani hayana mjumbe kikaoni.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mkulima wa nyanya anaijua vizuri. Ameshafundishwa kwa kung'olewa miche. Tunaomba kamba ileile ya kupimia mita 60 ipite na upande wenu. Gati haliwezi kujengwa kilimani, hilo hata sisi wa migomba tunalielewa. Lakini karakana, maegesho ya malori na vibanda vya chipsi havihitaji kulowa miguu.

Mwisho, ile tathmini ya athari kwa mazingira, kitabu kinene kinachokaa kabatini, tunaomba isomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili, kabla greda halijafika. Tutasikiliza hadi ukurasa wa mwisho. Kusubiri meli kumetufundisha subira.

Mkija, kahawa ipo. Semeni tu mapema kama mngependa ichemshwe kwa maji ya gatini.

Wenu mtiifu,
Mkazi wa Ijumbi